Kompyuta Isiyobebeka

Swali ninaloulizwa sana tangu nifike mwaka wa tatu halihusu GPA wala mchumba. Ni hili: "We dada, kwa nini usiuze hilo likompyuta ukanunua laptopu?" Mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyekuja kwangu kuchapa asaimenti kwa hilo hilo likompyuta. Huwa nacheka tu, maana jibu lake ni refu na yeye ana haraka. Jarida letu limenipa nafasi, basi acha nijibu kwa kituo.

Kompyuta yangu ni ya mezani. Ni Dell OptiPlex ya mtumba, ya aina ile iliyotumika maofisini ng'ambo kabla ya kushushwa Kariakoo. Sipiyu yake (naiita sipiyu kama tunavyoita wote, ingawa fundi atakuambia sipiyu hasa ni kile kidude kidogo cha ndani na hilo boksi ni boksi tu) ina RAM ya GB 4 na hadi diski ya GB 500. Monita ni ya inchi 19, na upande wa kulia ina mstari wa kijani ambao haufutiki. Kwenye kibodi, herufi N haisomeki tena. Vyote pamoja na mausi na nyaya vilinigharimu shilingi 280,000. Hela hiyo niliitenga kwenye bumu la mihula miwili, nikawa nakula ugali maharage mchana na jioni mpaka mama ntilie akaacha kuniuliza, akawa ananipakulia tu.

Siku ya kuileta geto, kule Changanyikeni, nilipanda daladala mbili. Konda wa ya kwanza alinidai nauli mbili, yangu na ya monita, kwa kuwa "na yeye si amekaa siti?" Nikalipa. Abiria wakacheka. Nilicheka pia, ila mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu tangu nizaliwe sikuwahi kushika kitu changu mwenyewe cha bei hiyo.

Sasa, wengi wanadhani nilichagua ya mezani kwa sababu ya bei. Bei ilichangia, sikatai. Laptopu ya nguvu hiyo hiyo ingenizidi mbali. Lakini ili unielewe lazima nikurudishe mwaka wa kwanza, kwenye steshenari.

Mliopita huko mnajua. Unaandika asaimenti kwa mkono, unaipeleka steshenari, unapanga foleni. Dada wa pale anachapa kwa shilingi 500 ukurasa, kuprinti ni bei nyingine. Simlaumu hata kidogo, ana watu ishirini nyuma yako, redio inapiga kelele na kila mtu anataka kuwasilisha saa nane. Mimi nasoma Kiswahili na Historia. Mara moja niliandika kuhusu dhamira za mwandishi wa riwaya, kazi ikarudi ikiwa na "dhamiri" kila mahali. Ukurasa baada ya ukurasa nikaonekana najadili kama mwandishi ana dhamiri safi au chafu. Kurekebisha ni hela. Ukirekebisha, kurasa zinasogea, unaprinti upya, hela tena.

Nikajikuta na tabia moja ambayo wakati ule sikuwa na jina lake. Nikisoma kazi iliyochapwa nikaona aya ya tatu haina mantiki, naiacha. Nikipata wazo zuri zaidi njiani narudi hosteli, nalimeza. Yaani nilikuwa nafikiri kwa bei ya ukurasa. Wazo la kwanza ndilo lilikuwa la mwisho, kwa kuwa la pili sikuwa na pesa yake.

Nilijaribu simu. Jamani, insha ya kurasa kumi kwa dole gumba! Unaona mistari michache tu, ukitaka kukumbuka ulisema nini mwanzo unasogeza mpaka unasahau ulichokuwa unataka kusema mwisho. Na katikati ya sentensi inaingia meseji ya kundi la darasa: "Wakuu, kipindi kipo?"

Usiku wa kwanza na kompyuta yangu niliandika aya moja, nikaisoma, nikaifuta yote. Nikaandika nyingine, nikaifuta. Ya nne ndiyo ilibaki. Hakuna aliyenidai chochote, hakuna aliyeguna nyuma yangu. Nilikaa pale nikatambua kwamba nimelipa 280,000 kununua haki ya kufuta. Tangu hapo mtu akiniuliza kompyuta yangu ina faida gani, siendi kwenye GB. Najibu: inanifanya niwe na wazo la pili.

Na kutobebeka kwake ndiko kunakonisaidia. Laptopu unalala nayo kitandani, unaanza na asaimenti unaishia na muvi. Hii haina njia ya kunifuata kitandani. Iko mezani, na meza yenyewe aliitengeneza fundi seremala kwa mabaki ya mbao. Nikitaka kufanya kazi lazima niinuke niende nilipoiweka, nivute kiti. Mama akipiga simu jioni nikamwambia "niko mezani", anaelewa, anasema atapiga baadaye. Zamani nilikuwa "niko geto tu". Halafu kuna wale wezi wa dirishani wenye fimbo na ndoano. Wenzangu wawili mtaani wamevuliwa laptopu namna hiyo. Sijasikia bado mtu aliyevuliwa monita na sipiyu kupitia nondo.

Ina taabu zake, siwezi kuwadanganya. Haina betri. RAM inashika kazi yako muda ule tu umeme unapopita. Ukikatika, kila ambacho hujakihifadhi kwenye diski kimekwenda. Vidole vyangu vimejifunza kubonyeza Ctrl na S kila baada ya nukta, hata nikiandika kwa kalamu mkono wa kushoto unacheza. Baadaye nilipata UPS ya mtumba, nikabadilisha betri yake. Inanipa dakika kama kumi za kuhifadhi na kuzima kistaarabu.

Kuhusu umeme wenyewe kulitokea maneno. Nyumba ina wapangaji wanne na LUKU moja, na mpangaji mmoja akasema kompyuta ya yule mwanafunzi ndiyo inayomaliza yuniti. Nikakaa naye kibarazani na karatasi. Tukachukulia kompyuta na monita yake vinavuta wati 100: ukiwasha saa kumi, umetumia yuniti moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja tu, imetumia yuniti hiyo hiyo. Akaniangalia, akaiangalia pasi yake. Tulikubaliana niongeze elfu mbili kwa mwezi, na mwanawe wa darasa la sita awe anakuja Jumamosi kujifunza kuchapa. Hiyo ndiyo diplomasia ya uani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ndani. Laptopu nyingi ukitaka kuifungua unahitaji moyo wa daktari wa upasuaji. Hii unasukuma kilango cha pembeni, mfuniko unatoka, kila kitu kiko mbele yako: feni, RAM, diski, pawa saplai. Wiki ya pili baada ya kuinunua ilianza kurudisha saa nyuma. Kila nikiiwasha inadai tuko mwaka 2009, na tovuti zinakataa kufunguka zikisema muunganisho si salama. Niliipeleka kwa fundi. Akasema niiache, nije kesho, na akanitajia bei iliyonikausha koo. Nilipomuuliza tatizo nini, akasema, "Dada, hii kazi ya fundi, wewe we njoo uchukue."

Sikuiacha. Nilirudi nayo, nikasoma, nikakuta kuna betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti, CR2032, volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya mwanzo kompyuta ikiwa imezimwa. Ikiisha, mashine inasahau tarehe. Tovuti nazo hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mashine inayodhani iko 2009 inaviona vyeti vyote havijaanza kazi. Nilinunua betri duka la saa, nikaibandika kwa kidole. Ikakumbuka. Mwezi mwingine ikakataa kuonyesha chochote, inapiga milio tu. Safari hii nilichomoa RAM, nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kile kile cha darasa la pili, nikaipuliza, nikairudisha. Ikawaka.

Wenzangu wa elimu, hapo nilijifunza jambo ambalo kwenye mhadhara wa saikolojia ya ujifunzaji lilinipita juu ya kichwa. Mtu akishajua ndani ya kitu kuna nini, hatishwi nacho tena. Na anayemtegemea asijue ndiye humwambia kila siku "hii siyo kazi yako".

Kwa vile nasoma Historia, mniruhusu aya moja. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Mashine zilikuwa ghali, zikila fedha za kigeni, na wakati ule kompyuta ilikuwa mali ya wizara na mashirika, chumba kizima na wataalamu wake. Duniani wazo la kompyuta ya mtu mmoja juu ya meza yake lilikuja kushika kasi miaka hiyo ya sabini mwishoni, na IBM wakatoa PC yao mwaka 1981. Marufuku yetu ililegezwa na ikaondoka. Kisha mwaka 2004, nikiwa mtoto wa mgongoni, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa na menyu za Kiswahili. Ndani ya miaka thelathini tumetoka "usilete bila kibali" mpaka "tumeitafsiri".

Hili la Jambo OpenOffice nililijua Oktoba mwaka jana, kwa shida. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 bure, na Windows 11 haiikubali mashine ya umri wa yangu. Nikaambiwa imeshakufa, niuze chuma chakavu. Nikaweka Linux Mint, ambayo haiuzwi, pamoja na LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Nikisoma habari zake ndipo nikakutana na Kilinux. Marehemu wangu anaendelea kuchapa mpaka leo. Hata makala hii ameichapa yeye.

Lakini nilikaribia kumuuza kabla ya hapo, Juni 2025. Mdogo wangu alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Ada imefutwa, sawa, ila fomu ya kujiunga haijafutwa: godoro, shuka, sare jozi mbili, ndoo, rimu za karatasi, viatu, na nauli. Mama anauza nyanya na dagaa genge dogo huko Kilosa. Alinisomea orodha ile kwenye simu mpaka mwisho, akanyamaza. Hakuniomba kitu. Mama yangu haombi, husoma orodha. Tulipojumlisha ikafika 240,000.

Siku mbili baadaye mwanafunzi mmoja akaja na 230,000 taslimu. Alitaka kila kitu, na UPS juu yake. Nilimwambia nipe mpaka kesho. Usiku ule sikulala. Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza. Nilitegemea alie au ashukuru. Akasema, "Dada, ukiuza mwezi huu nakwenda shule. Mwezi wa kumi nikiishiwa sabuni utauza nini?" Mtoto wa miaka kumi na saba.

Asubuhi nilimrudisha yule mnunuzi mikono mitupu, nikabandika karatasi kwenye mwembe karibu na geti: nachapa kwa shilingi 400 ukurasa, usiku na mchana. Ilikuwa msimu wa ripoti za utafiti za wanaomaliza. Wakaja. Nilikuwa nasomea mitihani yangu mpaka saa nne usiku, kisha nachapa mpaka saa nane. Mgongo ulikuwa unawaka.

Katikati ya wiki ya pili akaja kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Hakutaka kuchapiwa. Alitaka nimwandikie sura ya nne na ya tano, yaani matokeo na mjadala, kwa 150,000. Akili mnemba alikuwa ameshaijaribu, msimamizi wake akamrudishia na alama nyekundu. Nilipokataa alishangaa kweli. "Sasa shida nini? Wewe si una kompyuta?"

Kauli ile sijaisahau. Alikuwa anaamini kwamba kazi inatoka kwenye mashine, na mwenye mashine ndiye mwenye majibu. Nilihitaji ile hela kuliko alivyojua. Ila mwakani mimi naitwa mwalimu, na yeye pia. Nikamwambia, lete data zako na ulichoandika hata kama ni kibovu, kaa hapa, utasema nami nitachapa, bei ni ile ile ya 400. Aliondoka amekunja uso. Baada ya siku tatu akarudi na daftari. Tulikaa jioni nne. Jioni ya pili alisoma aya yake kwenye skrini, akanyamaza, akasema, "Hii ifute. Nilichoona kule shuleni sicho hiki." Ikafutwa, akaanza upya. Mimi nilikuwa nachapa tu.

Kwa wiki tatu nilichapa kurasa 380. Hizo ni 152,000. Upatu wa mama ukatoa 60,000. Godoro alitoa shangazi, la zamani lakini zima, na vilivyobaki vikapatikana kwa mkopo wa dukani. Mdogo wangu aliripoti siku sita baada ya wenzake. Siku sita siyo kitu kidogo kwa mtoto anayeanza shule mpya. Alikuta vitanda vya chini vimekwisha na makundi ya marafiki yameshaundwa. Hilo nalijua, na yeye anajua kwamba nalijua. Mwezi wa kumi alipoishiwa sabuni, nilichapa kurasa ishirini na tano.

Kisha nikaenda fildi. Shule niliyopangiwa ina chumba cha kompyuta. Niliziona kupitia dirishani: kumi na mbili, za mezani kama yangu, zimefunikwa vitambaa vya maua vizuri sana, na mlango una kufuli. Nilipouliza niliambiwa wanafunzi wataziharibu. Sikubishana, mgeni habishani na mwenye nyumba. Ila nilijiuliza kitambaa kinaikinga kompyuta na nini hasa, kama hakuna anayeigusa.

Basi nikafundisha kufuta bila kompyuta. Kidato cha pili, insha. Niliwaambia waandike kwa penseli, wanipe, niwarudishie bila maksi, ila na maswali tu pembeni. Halafu waandike tena, na nitakayosahihisha ni ya pili. Darasa likawa kimya. Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Madam, tukifuta si tutakatwa maksi?"

Alikuwa sahihi kuuliza. Tangu darasa la kwanza tumewafundisha kwamba kufuta ni uchafu. Daftari safi ni la mtoto hodari, daftari lililofutwafutwa ni la mtoto mzembe. Wanafika kwetu wanafikiri kama nilivyokuwa nafikiri mimi steshenari, ila bei yao ni aibu badala ya shilingi. Nilimjibu kwamba kwangu anayefuta ndiye anayepata maksi. Hakuniamini siku hiyo. Wiki ya nne aliniletea insha ya kurasa mbili ambayo ya mwanzo ilikuwa nusu ukurasa, karatasi imechakaa kwa kifutio mpaka inapitisha mwanga.

Hivyo siuzi. Nikipangiwa kazi, hata kama ni kijiji ambacho gari linafika mara mbili kwa wiki, ninaiondoa hadi diski, naifunga kwa khanga, boksi linakwenda juu ya carrier na monita napakata. Nikifika nitatafuta meza, na kama umeme upo itakaa mahali ambapo wanafunzi wanafika, bila kitambaa. Wakiiharibu tutaifungua pamoja. Vifutio ninavyo.

Kwa sasa, kama una kazi ya kuchapa, geto liko wazi Jumamosi kuanzia saa tatu. Njoo na flashi isiyo na virusi, na usije na wazo lililokamilika.